Bastola ya Kulinda Nyumba

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulioni kila siku, lakini jamaa zetu waliohamia Marekani hulisikia kazini, dukani na kwa majirani. Jambo lenyewe ni kuchagua bastola ya kuweka nyumbani kwa kujilinda.

Kwetu mambo ni mengine. Kenya na Tanzania raia hawezi kuwa na bastola bila kibali cha serikali. Marekani sivyo ilivyo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua, katika shauri liitwalo la Heller, kwamba Katiba yao yalinda haki ya mtu kuweka bastola nyumbani mwake kwa kujilinda. Lakini haki hiyo ina mipaka. Anayenunua kwa mwuzaji mwenye leseni hujaza fomu, na habari zake huchunguzwa kwanza. Mgeni mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu aweza kununua. Mwenye visa ya muda, kama vile mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida amekatazwa, ila katika hali chache zilizotajwa na sheria. Tena kila jimbo lina sheria zake. Basi ndugu yako akikuandikia kwamba ataka kununua bastola, mjibu aulize sheria ya jimbo lake kabla hajaingia dukani.

Tuseme sasa sheria yamruhusu. Atachaguaje? Watu wengi huanza kwa kuuliza ni bastola gani yenye nguvu kuliko zote. Swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: katika nyumba ile, ni mkono wa nani utakaoishika bastola, na ni mkono wa nani usiopaswa kuigusa kamwe? Mwenye kujibu maswali hayo mawili vizuri amekwisha kuchagua nusu.

AINA MBILI ZA BASTOLA

Bastola zinazouzwa kwa kazi hii ni za aina mbili. Ya kwanza ni rivolva. Ina silinda inayozunguka, nayo huchukua risasi 5 au 6 kwa kawaida. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake Marekani mwaka 1836. Ukifungua silinda waona mara moja kama ina risasi au haina. Wema wake ni kwamba yaeleweka upesi. Ubaya wake ni kwamba risasi ni chache, na kifyatulio, yaani kile kichuma kinachovutwa kwa kidole, ni kigumu. Rivolva nyingi hutaka nguvu ya ratili 10 hadi 12 kwa kila risasi. Mkono dhaifu ukivuta kwa nguvu hivyo hutetemeka, na risasi hupotea.

Aina ya pili ni bastola yenye magazini. Magazini ni kisanduku chembamba cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini. Kila risasi ikitoka, bastola yenyewe hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Bastola za namna hii zilizo nyingi hutumia risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Mojawapo inayojulikana sana ni Glock 17 ya Austria, ambayo magazini yake huchukua risasi 17. Lakini majimbo mengine, kama California na New York, hayaruhusu zaidi ya 10. Kifyatulio chake ni chepesi, kama ratili 5 au 6. Lakini ili kuitia risasi ya kwanza hapana budi kuvuta nyuma kile chuma cha juu, na chuma hicho kina springi kali. Mzee mwenye baridi yabisi vidoleni aweza kushindwa kabisa.

Tena bastola hii ina hatari moja ambayo imewaua watu wengi. Mtu hutoa magazini, akadhani bastola ni tupu. Kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Huvuta kifyatulio kwa mchezo, na rafiki yake huanguka. Kwa hiyo kila bastola yafaa ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka umefungua chemba na kutazama kwa macho yako mwenyewe.

MKONO UTAKAOISHIKA

Ikiwa bastola ni ya bwana na bibi pamoja, ichaguliwe kwa kufuata mkono ulio mdogo au dhaifu zaidi. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyooshwa sana, na kiganja kiujaze mpini. Mwuzaji aweza kumwonyesha mama bastola ndogo nyepesi akimwambia, "Hii ndiyo ya wanawake." Asikubali upesi. Kadiri bastola ilivyo nyepesi, ndivyo inavyousukuma mkono kwa nguvu inapolia. Bastola ndogo ilitengenezwa ili ichukulike mfukoni. Ya nyumbani haina haja ya kuchukuliwa, na uzito kidogo husaidia kuituliza.

Njia iliyo bora ni kwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kwani vingi huazimisha bastola kwa malipo. Ajaribu kadhaa, mwalimu akiwa karibu. Ile anayoweza kuijaza, kuifyatua na kuitoa risasi bila kushindwa ndiyo yake, hata kama si nzuri machoni. Akisha kuinunua, arudi uwanjani mara kwa mara, kwani mkono husahau.

RISASI NA UKUTA

Hapa yafaa mgeni wa kutoka kwetu ajue jambo moja. Nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa fremu za mbao, na kuta za ndani hufunikwa kwa bodi za jasi. Risasi yoyote ya bastola inayofaa kujilindia hupita ndani ya ukuta kama huo, na yaweza kupita wa pili pia. Nyuma ya ukuta yupo mtoto kitandani, au jirani wa chumba cha pili. Kwa sababu hiyo wengi huchagua risasi yenye tundu kwenye ncha, ambayo hupanuka inapoingia mwilini na hivyo haielekei sana kutokea upande wa pili. Lakini hata hiyo ikikosa shabaha hupenya ukuta. Hakuna risasi inayojua mwizi na mtoto.

MKONO USIOPASWA KUIGUSA

Tumefika penye jambo kubwa. Bastola iliyowekwa chini ya mto ipo karibu na mwenyewe, lakini ipo karibu na kila mtu mwingine. Mtoto wa miaka 4 haijui sheria. Ajua kufungua droo tu. Kwa hiyo bei ya bastola isihesabiwe peke yake. Ihesabiwe pamoja na sefu ndogo ya chuma, iliyofungwa kwa skrubu, yenye namba za siri ambazo mtu mzima aweza kuzibonyeza gizani katika nafasi ya kitambo kidogo. Asiyekuwa na fedha za sefu hana bado fedha za bastola.

Wala watoto wadogo si wao tu. Mwaka 2023 watu karibu 46,700 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya 27,000 miongoni mwao walijiua wenyewe. Saa ya kukata tamaa mara nyingi hupita, lakini bastola haimpi mtu nafasi ya kujuta. Nyumba yenye mtu mwenye huzuni nzito, ulevi au hasira za kupigana, hiyo si nyumba ya kuingiza bastola. Kama imo, itolewe kwa kufuata sheria mpaka hali itulie. Mwaka 1993 Daktari Arthur Kellermann na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa watu waliouawa nyumbani kwao, wakiwalinganisha na majirani. Walikuta kwamba bunduki nyumbani iliandamana na hatari ya kuuawa iliyozidi karibu mara 2.7, na hatari hiyo ilitoka hasa kwa jamaa na watu wa karibu. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya maana ya hesabu hizo. Hata hivyo mwenye nyumba hana budi kujiuliza nani atakuwa karibu na bastola hiyo kwa miaka yote ambayo mwizi hatakuja.

USIKU WENYEWE

Mwisho, tufikiri juu ya sauti mlangoni saa nane za usiku. Huenda ni mwizi. Huenda ni kijana wako aliyechelewa kurudi kazini. Kwa hiyo taa ni silaha ya kwanza, na sauti yako ni ya pili. Wakusanye watu wa nyumbani chumba kimoja, funga mlango, piga simu ya polisi, ambayo Marekani ni 911, na uite kwa sauti kuu, "Nani?" Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umemwona mtu, umemjua, na umeona hatari ya mauti mbele yako. Mali huibwa ikanunuliwa nyingine.

Basi, wasikilizaji, aliye na mlango imara, taa nje na jirani mwema amekwisha kujilinda sana kabla ya kununua bastola.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini bastola nyepesi haimfai kila mwenye mkono mdogo?
2. Magazini ikitolewa, ni hatari gani inayobaki?
3. Ndugu yako aliye Marekani ana watoto wawili wadogo, naye ataka bastola. Mwandikieni barua fupi ya kumshauri.