Goti Hulipa Deni la Kiti

Aliye Kibenga, katika tambarare ya kusini ya jiji la Bujumbura, ana Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na safu ya milima upande wa mashariki, na kwa sababu ya umbo hilo la nchi, wapanda baiskeli wa jiji lake hugawanyika katika safari za namna mbili zisizofanana hata kidogo, ambazo kila moja ina desturi yake ya kuyatia adha maungo ya mwendeshaji. Safari ya kwanza ni ya barabara ya Rumonge, ifuatayo ukingo wa ziwa kuelekea kusini, nchi ya mawese, na njia yake aghalabu ni ya usawa. Safari ya pili ni ya barabara ya Bugarama, iachayo ufuko wa ziwa ulio kiasi cha mita 775 juu ya bahari, ikapanda kona juu ya kona hata ikavuka mita 2,000 katika mwendo wa kilomita zipatazo 40. Na huko ndiko watokako wale wachukuzi mashuhuri wa ndizi, ambao hushuka na mikungu iliyofungwa nyuma na ubavuni mpaka baiskeli yenyewe isionekane, kisha, wakisha kuuza mzigo wao mjini, hurejea milimani wakiwa wameshika nyuma ya malori.

Watu wengi huwalaumu hao washikao malori, na lawama hiyo ni ya haki, maana wamo waliokatwa maisha yao na magurudumu ya lori lililofuata. Walakini mwenye kulaumu akiitazama ile baiskeli kwa jicho la uchunguzi, akaona kwamba ina gia moja tu isiyobadilishwa, na kwamba fremu yake ya chuma ina uzito wake hata kabla ya kuongezwa gunia, atatambua kwamba kijana yule anakimbia jambo ambalo mwili wake ulimfundisha zamani: kwamba mlima wa namna ile, kwa chombo cha namna ile, hauliwi na mapafu kwanza wala na moyo, bali na magoti.

Jambo hili limepata uzito mpya katika miaka ya karibu. Uhaba wa mafuta ya petroli umewarudisha Warundi wengi kwenye miguu yao na kwenye baiskeli, ilhali amri ya Machi 2022 iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji, hata kazi ya kubeba abiria na mizigo kwa kanyagio ikasukumwa pembezoni. Wanaozizungusha kanyagio hizo si vijana peke yao. Wamo watu wazima waliokuwa wameisahau baiskeli tangu ujana, na wengi wao huchukua ile iliyopatikana, wakaipanda kama walivyoikuta, wakaanza kulalamika magoti baada ya siku si nyingi, wakidhani kuwa ni uzee.

Goti ni kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili wa mwanadamu, na mbele yake, mahali paja linapokutana na muundi, pamekaa kifupa kiitwacho pia ya goti, ambacho umuhimu wake haulingani na udogo wake. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unapovuta ili mguu unyooke, kano yake hupita juu ya pia hiyo kama kamba ya tanga ipitavyo katika kapi ya jahazi, na kwa njia hiyo nguvu ya msuli huzidishwa. Nyuma ya pia pamepakwa gegedu, tabaka laini yenye kuteleza, isiyo na mishipa ya damu wala ya fahamu ndani yake, na kwa hiyo haina namna ya kulia mapema inapoonewa. Maumivu huja baadaye, kutoka katika mfupa ulio chini yake na nyama zilizo kando yake. Sasa, hesabu yenyewe ni hii: kadiri goti linavyokunjwa zaidi wakati wa kusukuma, ndivyo pande mbili za kano zinavyofanya pembe kali zaidi, na ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa kwa kani kubwa zaidi juu ya mfupa wa paja. Nguvu ile ile ya kukanyaga, ambayo mguu ulionyooka kidogo huichukua bila taabu, huwa mateso kwa mguu uliokunjwa.

Na nini hukunja goti kupita kiasi juu ya baiskeli? Kiti kilichoteremshwa chini. Tazama wapitao, utaona kwamba wengi wamekaa hivyo, magoti yakipanda karibu na kifua. Simwiti mtu huyo mjinga. Mwenye abiria nyuma yake, au mzigo unaoyumba, anataka nyayo zake zote mbili ziifikie ardhi anaposimama ghafula mbele ya gari, na kiti cha chini humpa amani hiyo. Anachokosa kujua ni kwamba amani ya kusimama ameinunua kwa bei ya kila mzunguko wa mwendo, na mwenye kuzungusha kanyagio mara 60 kwa dakika hukunja na kunyoosha kila goti mara 3,600 kwa saa moja tu.

Kipimo cha kiti hakihitaji chombo chochote. Mtu na aegemee ukutani juu ya baiskeli yake, aweke kisigino juu ya kanyagio iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka pasipo nyonga kuinama upande mmoja. Kisha, akirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo mahali pake pa kazi, goti litabaki na mkunjo mdogo, wa digrii 25 hadi 35 hivi, ambao ndio wataalamu wengi huupendekeza. Wapendao hesabu wanayo ile ya Hamley na Thomas, walioandika mwaka 1967, ya kwamba masafa kutoka kwenye kanyagio hadi juu ya kiti yawe asilimia 109 ya urefu wa mguu kutoka msamba hadi chini, yaani mwenye mguu wa sentimita 80 akae kwenye sentimita 87. Nia yao, hata hivyo, ilikuwa kutafuta nguvu nyingi kwa muda mfupi, wala si kulinda goti la mchuuzi wa mboga, nami kwa mtu wa kazi nakipendelea kipimo cha kisigino. Asikipandishe kiti chote kwa siku moja. Nusu sentimita kwa juma inatosha, ili misuli izoee na moyo uzoee kusimama kwa ncha ya mguu. Na abebaye mzigo mkubwa anaweza kwa busara kubaki chini kidogo ya kipimo, mradi ajue anachokilipa.

Aidha, mahali pa maumivu penyewe husema sababu yake. Yaumayo mbele, chini au kando ya pia, aghalabu hushtaki kiti kilicho chini mno au kilichosogezwa mbele mno. Yaumayo nyuma ya goti hushtaki kiti kilicho juu mno, ambacho pia huzitikisa nyonga kulia na kushoto. Na yaumayo ubavuni wa nje au wa ndani hutaka utazame wayo, kama umelazimishwa kuelekea upande usio wake, ama kama kanyagio imepinda baada ya kuanguka, jambo la kawaida kwa baiskeli za kazi, nalo hulipotosha goti kila linaposhuka bila mwenyewe kulihisi.

Baada ya kiti, tufike kwenye meno ya gia. Baiskeli nzito yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, kwa magurudumu makubwa ya kawaida, husogea karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa kanyagio, na hiyo ni hatua ya jitu. Ukiliondoa lile gurudumu dogo la meno la nyuma ukatia la meno 22, hatua hushuka hata kukaribia mita 5, na nguvu itakiwayo kwa kila msukumo hupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Mwendo wa tambarare utapungua kidogo, naam, lakini goti litashukuru kila kilima. Ni kifaa kidogo, na kukibadilisha ni kazi ambayo fundi wa baiskeli huifanya akiwa amekaa juu ya kigoda chake. Wala sijui kwa nini watu hutoa fedha kwa honi na mapambo kabla ya kukifikiria.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na waliotazama waliwaona mabingwa wakipanda vilima vya jirani zetu juu ya vyombo ambavyo sheria ya mchezo inaviruhusu kuwa vyepesi hata kufikia kilo 6.8. Ajabu yao haikuwa wepesi huo tu. Watu wale wenye mapaja ya chuma, kila walipofika penye mwinuko, walishuka kwenye gia ndogo na kuzungusha miguu upesi upesi, ilhali mchukuzi wa Bugarama asiyeshika lori, juu ya fremu yake nzito ya chuma, hana gia ya kushukia, hivyo husimama juu ya kanyagio na kuzisukuma kwa uzito wa mwili mzima, mzunguko mmoja mmoja, kwa kuuma meno. Mwenye uwezo alijihurumia na asiye na uwezo hakupewa nafasi ya kujihurumia. Kwake yeye, kushuka na kuisukuma baiskeli kwa mkono penye mwinuko mkali si fedheha; ni tiba iliyotangulia ugonjwa.

Barabara ya Rumonge haina ukali huo, bali ina hila nyingine, nayo ni wingi wa marudio. Hapo kani ni ndogo, lakini saa ni nyingi, na kosa dogo la kipimo ambalo mwendo mfupi ungelisamehe hurudiwa maelfu ya mara. Dawa yake ni kushuka kila baada ya muda, kunyoosha mapaja, kutembea kidogo, na kutoongeza umbali kwa ghafula.

Kanuni hii ya kiti na goti haihusu baiskeli peke yake. Fundi wa cherehani ya kukanyaga, dereva wa lori, na hata kijana achezaye mbio za magari mbele ya skrini kwa usukani na kanyagio za simuleta, wote wamo katika hukumu moja. Huyo wa mwisho watu humcheka, wakisema mchezo wa kukaa kitini hauwezi kumuumiza mtu. Nao hawajui kwamba breki za simuleta nyingi za siku hizi hazipimi umbali wa kanyagio bali hupima nguvu ya mguu, kwa kuiga magari ya mashindano, ambayo yale ya Formula 1 humtaka dereva akanyage kwa kani ipitayo kilo 100. Mtu akisukuma hata nusu ya kani hiyo akiwa juu ya kiti cha ofisi chenye magurudumu, kiti hurudi nyuma, naye hukaza kifundo cha mguu na goti ili kukizuia, kona baada ya kona, jioni nzima. Kwake yeye kiti si cha kumbeba tu, bali ni ukuta wa kuegemezea nguvu. Kwa hiyo na kifungwe katika fremu moja na kanyagio, mgongo uegemee, kisigino kipate mahali pa kutulia ili msuli wa mbele ya muundi usiuninginize wayo juu ya kanyagio ya mafuta, kifundo kikae karibu na pembe mraba, na goti libaki na mkunjo kidogo hata breki ikanyagwapo hadi mwisho, maana goti lililonyooshwa kabisa huipeleka kani yote katika mifupa. Hayo yakikamilika, ndipo nguvu hutoka mahali pake, katika paja na makalio. Na kama bado anaumia, programu ya mchezo humruhusu kupunguza kani inayohesabiwa kuwa breki kamili. Wala hakuna mahakama itakayomshtaki kwa kuitumia ruhusa hiyo.

Aliyekwisha kuumia, awe wa milimani au wa sebuleni, na apunguze mzigo na umbali kwa siku kadhaa badala ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu ili aendelee na kazi, kwani vidonge hunyamazisha habari na kuiacha sababu palepale. Barafu iliyofungwa katika kitambaa husaidia. Mazoezi ya kuchuchumaa nusu ya njia na kupanda kidaraja polepole, yakifanywa pasipo maumivu, huyapa mapaja na nyonga nguvu za kulichukulia goti mzigo wake. Lakini goti lililovimba na kupata moto, au linalokwama katikati ya mkunjo, au lisiloweza kumbeba mwenyewe akisimama, au lililoandamana na homa, hilo limetoka katika mambo ya kiti na spana. Mwenyewe na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo dogo la mafundi. Baiskeli iliyonyeshewa misimu kadhaa, na kiti chake hakikuguswa, hufanya kutu kati ya nguzo ya kiti na fremu, hata vitu viwili vikawa kitu kimoja, na mwenye goti linalouma akaambiwa kuwa kiti hakipandi. Kinapanda. Fundi hutia mafuta yapenyayo usiku kucha, asubuhi akaizungusha nguzo kulia na kushoto kabla ya kuivuta juu, kisha akaipaka grisi kabla ya kuirudisha. Na mwenye kununua baiskeli kuukuu, kabla ya kutoa fedha yake, na aombe kwanza kuonyeshwa kiti kikipanda na kushuka.