Jeni inayoamshwa na shaba

Kati ya Kolwezi na Fungurume, kusini mwa Kongo (DRC), msitu wa miombo hukatika ghafla kila unapofika kilima cha shaba, na nyasi fupi zikashika nafasi yake. Udongo wa vilima hivyo huweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za shaba kwa kilo, kiasi kinachodumaza mizizi ya mazao mengi. Lakini *Haumaniastrum katangense*, mmea ambao wajiolojia waliufuata kutafuta madini, hustawi papo hapo.

Mmea hauhitaji jeni mpya ili kuhimili metali. Pengine hutosha jeni ya zamani kufanya kazi kwa bidii zaidi.

Ushahidi bora unatoka Ulaya, kwa *Arabidopsis halleri*, mmea wa udongo wenye zinki. Mwaka 2008, Marc Hanikenne na wenzake walionyesha kwamba jeni yake ya HMA4, inayotengeneza pampu ya kupandisha zinki kutoka mizizini hadi majanini, imejirudia mara tatu. Zaidi ya hapo, promota zake zimepata nguvu. Promota ni kipande cha DNA kinachoitangulia jeni. Protini za seli hujishika hapo na kuamua jeni isomwe lini, katika kiungo gani na kwa wingi gani.

Maabara huongeza nguvu ya promota kwa makusudi. Mwaka 1987, watafiti walirudufu sehemu ya promota ya 35S, iliyotoka kwenye kirusi cha koliflawa, na usomaji wa jeni ukapanda takriban mara kumi.

Mwaka 1993 shaba yenyewe ikageuzwa swichi. Vadim Mett na wenzake waliingiza kwenye tumbaku jeni ya protini ya hamira iitwayo ACE1, kisha wakaunda promota sanisi: mahali pa ACE1 kujishikia, pakiungwa na kipande kifupi cha 35S. Shaba ikitiwa kwenye maji ya mizizi au ikipulizwa majanini, ACE1 hunasa promota na jeni huamka.

Huko Kolwezi swichi hiyo ingebaki imewashwa muda wote, kwa kuwa shaba haikosekani udongoni. Mhandisi angelazimika kupunguza wepesi wa promota, iitikie dozi kubwa tu. Tena, kama mmea wenyewe ni muhogo, pampu ya kupandisha metali ingeipeleka kwenye sombe, yaani majani yake, chakula cha kila siku. Kinachofaa ni promota inayofanya kazi mizizini, ikiamsha jeni za kuzuia shaba isipande. Na kwa kuwa hata mzizi wa muhogo huliwa, ingebidi ibague: ifanye kazi kwenye mizizi myembamba, inyamaze kwenye kiazi.