PAMBA YA SIMIYU NA MAANA YA NGUO ILIYOTENGENEZWA NCHINI

Nguo inapouzwa kwa sifa ya kutengenezwa nchini, mnunuzi aghalabu huridhika na maneno hayo bila ya kuuliza zaidi. Inafaa ieleweke kwamba maneno hayo yaweza kubeba maana nne zilizo mbali mbali: kwamba pamba ililimwa nchini, kwamba uzi ulisokotwa nchini, kwamba kitambaa kilifumwa nchini, au kwamba nguo ilishonwa tu nchini kwa kitambaa cha nje. Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa Serikali, hususan wanaohusika na ununuzi wa sare, na kwa wananchi wa Unguja na Pemba kwa jumla, kwa kuifuata pamba tangu inapotoka shambani katika Mkoa wa Simiyu, Tanzania Bara.

Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu ndizo ambazo katika misimu mingi ya karibuni zimetoa zaidi ya nusu ya pamba yote ya nchi. Mkulima hupanda mwezi wa Novemba au Disemba na kuanza kuvuna mwezi wa Mei. Pamba mbegu hupelekwa katika kiwanda cha kuchambulia, na takriban kilo 3 hutoa kilo 1 tu ya pamba nyuzi. Mbegu hukamuliwa mafuta na mashudu hulishwa mifugo. Viuatilifu mara nyingi hutolewa kwa mkopo unaokatwa wakati wa mauzo. Mvua ikikosekana, deni halikosekani, na dawa yenyewe hunyunyizwa kwa bomba la mgongoni na mtu ambaye mara nyingi hana glavu wala kinga ya uso.

Baada ya kuchambuliwa, sehemu kubwa ya marobota husafirishwa nje ya nchi ikiwa ghafi. Viwanda vya nguo vilivyojengwa na Serikali, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma, vilidhoofika, na mnamo mwaka 2016 Serikali ya Muungano ilitoa mkakati wa kuiendeleza pamba hadi kufikia mavazi. Mwaka huo huo, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondosha mitumba hatua kwa hatua. Azma hiyo ilirudi nyuma baada ya Marekani kutishia kuondosha nafuu ya ushuru kwa bidhaa za kanda hii, na ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo wake hadi kusimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018.

Upo hata hivyo mfano wa Meatu unaostahiki kuangaliwa kwa makini. Tangu mwaka 1994, wakulima wa huko wamekuwa wakilima pamba kwa njia ya kilimo hai chini ya mpango wa bioRe, unaoungana na kampuni ya Remei ya Uswisi. Mbolea za viwandani na viuatilifu vya kemikali haviruhusiwi. Badala yake hutumika samadi, mzunguko wa mazao, na alizeti inayopandwa kati ya mistari ya pamba ili kumvuta funza wa vitumba aiache pamba. Mkulima huhakikishiwa soko na hulipwa nyongeza juu ya bei ya kawaida. Faida iliyo kubwa zaidi pengine ni kwamba hakopi sumu, na kwa hiyo hana deni la sumu. Nguo zitokanazo na mpango huo zimeuzwa Uswisi katika maduka ya Coop kwa jina la Naturaline.

Hapa ndipo penye utata. Nguo hiyo inamtendea haki mkulima wa Meatu, lakini yeye mwenyewe hataiona dukani Mwanhuzi. Kwa upande wa pili, nguo yaweza kushonwa nchini na isiwe ya haki kabisa. Jengo la Rana Plaza lililoanguka Bangladesh mwezi wa Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100 lilikuwa, kwa watu wa huko, kiwanda cha nyumbani. Ukaribu wa kiwanda si dhamana ya usalama wala ya ujira.

Miongoni mwa alama zinazopima mambo yote mawili ni GOTS. Nguo yenye alama hiyo lazima iwe na angalau asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai, na ikiandikwa kuwa ni ya kilimo hai moja kwa moja, asilimia 95. Aidha rangi, maji machafu na hali za wafanyakazi hukaguliwa katika kila kiwanda. Alama hizo hugharimu fedha, na fundi mdogo hawezi kuzimudu. Fundi wa katambuga katika masoko ya Usukuma, anayekata viatu kutoka katika matairi yaliyokwisha, hana cheti chochote, ijapokuwa malighafi yake ni taka na mnunuzi humuona akifanya kazi.

Kwa sare za skuli na za maofisi, muuzaji aombwe kueleza kwa maandishi uzi ulisokotwa wapi, kitambaa kilifumwa wapi na nani alishona. Swali la uzi liulizwe kwanza, kwani ndilo ambalo wauzaji wengi hawana jibu lake.