Kubadili Tarishi Bila Kupoteza Barua

Mama mjamzito anaweza kuhudhuria kliniki katika zahanati ya kijijini kwake, akapimwa na kukutwa na shinikizo la damu, kisha akaenda kujifungulia hospitali ya wilaya. Kadi yake ikisahaulika nyumbani, wakunga wa hospitali hawana habari hiyo. Kompyuta zinaweza kuwepo pande zote mbili, lakini zisielewane. Katika makala hii tunaeleza programu inayozipatanisha, na jinsi inavyoweza kuhamishiwa kwenye msingi mpya bila taarifa za mama huyo kupotea njiani.

Programu unganishi ni nini?

Programu unganishi hukaa katikati ya mifumo mingine. Kazi yake ni kama ya tarishi wa ofisi: hupokea barua, huhakiki aliyeituma, huiandika kwenye daftari na kuifikisha inakotakiwa. Bila tarishi, mifumo 6 ikitaka kuwasiliana kila mmoja na mwenzake huhitaji njia 15. Akiwepo tarishi, njia 6 zinatosha.

Mfano mzuri tunaupata kwa jirani zetu wa Rwanda. Wataalamu wa shirika la Jembi Health Systems la Afrika Kusini, wakishirikiana na wenzao wa Rwanda, walitengeneza programu huria iitwayo OpenHIM. Ilianza kutumika katika huduma za wajawazito wilayani Rwamagana. Iliunganisha kumbukumbu za wagonjwa zilizo katika OpenMRS na ujumbe mfupi wa simu uliotumwa na wahudumu wa afya wa vijijini kwa kutumia RapidSMS. Usanifu wake umechapishwa. Tanzania nayo ilikuja kuitumia OpenHIM kujenga kiunganishi chake cha taarifa za afya.

Kuhamia msingi mpya

Toleo la kwanza la OpenHIM lilijengwa juu ya Mule, kiunzi cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya Java. Baadaye kiini chake kiliandikwa upya kwa JavaScript juu ya Node.js, teknolojia iliyotolewa mwaka 2009, na daftari la ujumbe likawekwa katika hifadhidata ya MongoDB. Leo kinaweza kusimikwa kwenye seva ya Linux au kuendeshwa ndani ya Docker.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika mgawanyo wa kazi. Kiini kilibakiwa na kazi za tarishi tu: kupokea, kuhakiki, kuandika na kupeleka. Kazi ya kutafsiri ujumbe kutoka muundo mmoja kwenda mwingine ilipewa programu ndogo za pembeni, ambazo huwasiliana na kiini kwa HTTP na zinaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Hivyo nchi inaweza kuongeza utaratibu wake bila kugusa kiini.

Mambo ya kuzingatia

Uhamisho wa namna hii unahitaji uangalifu. Tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Mkataba usibadilike. Zahanati iendelee kutuma ujumbe ule ule, kwa muundo ule ule. Tukibadili tarishi na fomu kwa siku moja, kosa likitokea hatutajua limetoka wapi.

(b) Tofauti ndogo za mfumo endeshi zisidharauliwe. Kwa kawaida Windows huona "Mama.txt" na "mama.txt" kuwa faili moja, lakini Linux huona faili mbili. Alama ya mwisho wa mstari nayo hutofautiana. Mambo kama haya yanaweza kusimamisha kazi ingawa programu yenyewe ni nzima.

(c) Tarishi wa zamani na mpya wafanye kazi pamoja kwa muda. Mpya apewe nakala za majaribio tu, majibu yao yalinganishwe, kisha njia zihamishwe moja baada ya nyingine.

(d) Kila ujumbe uwe na namba yake. Mtandao ukikatika, ujumbe hutumwa tena. Bila namba, chanjo moja inaweza kuhesabiwa mara mbili, na takwimu za wilaya zikadanganya.

(e) Daftari likaguliwe kila siku. OpenHIM huonyesha ujumbe ulioshindikana na humruhusu msimamizi kuutuma upya. Lakini mashine haijui kuwa msimamizi yuko likizo, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye jukumu hilo.

Faida ya programu huria ni kwamba msimbo wake uko wazi, na fundi yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Hata hivyo, kutolipia leseni si kutokuwa na gharama. Seva, umeme, intaneti na mafunzo ya mafundi vinahitaji kuwekwa kwenye bajeti.

Hospitali za mashirika ya dini na zile za serikali hupelekeana wagonjwa, na jambo hili linazihusu zote. Kwa hiyo, kabla kamati haijapitisha mpango wa kuhama, tunashauri imuulize fundi swali moja: ujumbe uliokuwa njiani usiku wa kuhama utapatikana wapi asubuhi? Asipokuwa na jibu la wazi, tarehe ya kuhama isogezwe mbele.