Jua kali Kojani, umeme umekatika: mbona na sola imezima?

Saa saba mchana, jua linachoma, umeme wa ZECO unakatika. Mwenye paneli juu ya bati hana wasiwasi, mpaka aone feni imesimama na friza ya samaki imenyamaza. Hakuna kilichoharibika. Mfumo umefanya kazi yake.

Kwenye kisiwa cha wavuvi kama Kojani, friza si pambo, kwa hiyo jambo hili ni bora lijulikane kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sola iliyounganishwa na gridi bila betri hutumia inveta inayofuata mapigo ya umeme wa gridi, mara 50 kwa sekunde. Gridi ikizima, inveta haina cha kufuata, nayo imetengenezwa ijizime yenyewe ndani ya muda mfupi sana.

Kwa nini? Wahandisi wanahofia hali wanayoiita "kisiwa": kipande cha laini kinachobaki na umeme peke yake wakati kwengine kote ni giza. Mkojani anaweza kulicheka jina hilo, lakini kisiwa hiki kinaua. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha maelfu ya volti hadi 230 za nyumbani inaweza pia kuzipandisha kurudi juu. Fundi yuko juu ya nguzo, anajua laini imekufa, kumbe kuna paa la mtu linaisukumia umeme.

Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ulioanza kazi 2010. Kabla yake, ilikuwa majenereta ya dizeli. Njia moja ndefu namna hiyo ikipata hitilafu, kukaa gizani si kwa saa mbili tu. Unguja iliyaona hayo: kuanzia Desemba 2009 ilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Jua lilikuwepo siku zote hizo, lakini paneli za gridi zisizo na betri zisingewasha hata taa moja.

Anayetaka friza iendelee anahitaji betri na inveta ya haibridi, ile inayoitenga nyumba na laini kwanza, halafu ndiyo inawasha. Kuchomeka inveta ya kawaida kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande mbili ni kumtegea fundi mtego.

Halafu kuna mita. Mita nyingi za kulipia kabla huhesabu umeme unaotoka kama vile umetumika, yaani mtu anaipa gridi umeme na uniti zake zinakatwa. Tanzania Bara ina kanuni za mita za pande mbili tangu 2018, chini ya EWURA, lakini Zanzibar msimamizi ni ZURA. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ofisi ya ZECO kuuliza kuhusu mita na kibali, ndipo dukani.