Bati la Alumini Halitoi Onyo

Chuma kikipashwa moto humweleza fundi kimefika wapi: huiva chekundu, hugeuka rangi ya chungwa, mwisho hukaribia weupe. Alumini haina tabia hiyo. Hubaki na rangi yake ya fedha mpaka inapokaribia nyuzijoto 660, kisha hudondoka ghafla, na bati ulilolihangaikia asubuhi nzima likabaki na tundu. Anayetaka kujiundia bodi ya gari kwa alumini aanze kwa kuijua tabia hii.

Dawa yake ni sabuni ya mche. Lipake bati, kisha lipashe moto wa gesi polepole, mwali usitue mahali pamoja. Sabuni ikishakuwa kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, ondoa moto: bati limelainika, na bado liko mbali na kuyeyuka. Kazi hii utairudia mara nyingi, kwa kuwa kila pigo la nyundo huifanya alumini iwe ngumu zaidi. Sikiliza mlio. Nyundo ya mbao ikianza kulia kwa ukali na kurukaruka juu ya mfuko wa mchanga, bati limechoka. Ukilazimisha, litapasuka kuanzia ukingoni.

Nunua bati la unene wa milimita 1.2 hadi 1.6, la aloi laini kama 3003 au 5052. La kuezekea nyumba ni jembamba mno. Aloi ya 6061 iliyokwisha kukazwa kiwandani ni imara, lakini ukiikunja kona kali itakatika. Mita moja ya mraba ya alumini ya milimita 1.5 ina uzito wa kilo 4 hivi. Ya chuma cha milimita 0.9 hukaribia kilo 7. Kata kwanza patani za kadibodi, uzijaribishe kwenye fremu mpaka zikae sawasawa. Wala usichore mstari wa kukunjia kwa msumari, maana mchirizi huo ndio utakaofungua ufa. Kalamu ya wino inatosha.

Kuhusu umbo, naipendekeza Landrova. Ilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa mgao baada ya vita, basi ikavishwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, kwa mapande mengi bapa yasiyodai mitambo mikubwa. Fundi wa nyumbani hana sababu ya kuanza na umbo gumu kuliko hilo.

Lakini Landrova hiyohiyo inatufundisha pia ubaya. Chungulia sehemu ya chini ya mlango wa gari kuukuu la pwani, pale alumini ilipokunjwa kuzunguka fremu ya chuma: utakuta unga mweupe na bati lililofura. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Bodi nyingi za kujitengenezea huharibikia hapo, hata zile zilizochomelewa kwa ustadi.

Kwa hiyo tenganisha. Weka mpira au tepe nene kati ya bati na chuma, tumia riveti za alumini zilizochovywa katika gundi ya kuzuia maji, na toboa matundu ya kutolea maji chini ya kila mlango. Na kabla ya riveti ya kwanza, ipake praima fremu yote, hata pembe ambazo zitafunikwa na bati.