Mtoto Mvumbuzi wa Nakivale: Kitabu cha Picha na Moshi wa Jikoni (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliufuata mto Rwizi unavyopita Mbarara, tukaona jinsi taka za mji zinavyoingia majini na kuteremkia kwenye ardhioevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale. Leo tuingie jikoni, kwani uchafuzi unaomkabili mtoto kila siku hauko mtoni peke yake. Uko pia kwenye mafiga ya mama yake.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walitangulia Wanyarwanda, leo wapo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na idadi yao imepita 100,000. Kaya nyingi hupikia kuni au makaa. Miti ya karibu imekatwa, kuni zinafuatwa mbali, na anayezihitaji jioni hiyohiyo hana muda wa kuzianika. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi kwa sababu joto huishia kukausha maji yaliyomo, na mti hauungui vizuri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na vumbi la nishati ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Kitabu cha picha kitasaidia nini hapo? Tumtazame William Kamkwamba wa Malawi. Wakati wa njaa ya mwaka 2002, akiwa na miaka 14, aliacha sekondari kwa kukosa ada, akawa anakwenda kusoma katika maktaba ndogo ya kijijini kwao Wimbe. Humo alikuta vitabu vya sayansi kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa bado anaihangaikia. Akaanza na michoro, na kupitia michoro akayafahamu maneno. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki akajenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Mwaka 2012 kisa chake kilitolewa kuwa kitabu cha picha cha watoto. Somo ninaloliona hapo ni hili: mchoro uliokuwa sahihi ulikuwa mwalimu wake.

Kwa hiyo kitabu cha mtoto mvumbuzi wa Nakivale kisiishie kumwambia msomaji asitupe taka. Kimwonyeshe kazi inavyofanyika, kwa mfano kazi ya kugeuza maganda kuwa makaa ya kupikia. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Ukurasa wa kwanza ungeonyesha maganda ya matoke yaliyorundikana nyuma ya mgahawa Mbarara, mengine yakioza. Wa pili, msichana akiyaanika juani mpaka yavunjike mkononi kwa mlio. Wa tatu, yeye na mtu mzima wakiyachoma ndani ya pipa lenye tundu chache. Hapa mchoraji asikose: hewa ikiwa kidogo, ganda haliwi jivu, maji na gesi hutoka, kinabaki kitu cheusi chepesi. Ndiyo maana baadaye kitawaka bila moshi mwingi. Kisha wanatwanga, wanachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, uleule wa kusongea bugali, wanafinyanga na kuanika tena.

Ningetaka pia ukurasa wa kushindwa. Uji umekuwa mwepesi, donge la kwanza limemeguka vipande, na vidole vyeusi vya msichana vimebaki vimeshika unga tu. Anaongeza uji, anakaza mkono, anajaribu tena. Mtoto asiyeonyeshwa kosa la mvumbuzi ataliona kosa lake mwenyewe kuwa mwisho wa safari.

Na ukurasa mmoja useme ukweli wote: makaa yoyote, hata haya, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dirisha liwe wazi, na jiko lisilazwe ndani na watu.

Limebaki suala la lugha. Mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali inapowezekana. Lugha ya Isingiro ni Kinyankole, lakini mtoto aliyetoka Kivu Kusini amekuja na Kiswahili chake, na makaa kwao ni makala. Kitabu kikisema makala pale mama anaposema makala, mtoto atakipeleka nyumbani na kumsomea huyo mama, na mama ndiye mwenye jiko.

Watoto wa Nakivale wameandikwa mara nyingi kama watu wa kusaidiwa. Katika kitabu hiki wawe watu wenye kazi mikononi, wanaojua kwa nini ganda moja linageuka jivu na jingine linageuka makaa. Anayeijua sababu hiyo hata kabla hajajua kusoma vizuri ameshaanza kuwa mvumbuzi.

Sehemu ya tatu itaeleza nani anaweza kukichora kitabu hicho, na njia za kukifikisha darasani.

Itaendelea.